Nyuma ya Kinanda cha Nyamhela: Mzee Telesphori Bujiku Anastaafu

Tarehe 30 Juni 1987 Mzee Telesphori Bujiku atakabidhi funguo za chumba cha mivukuto cha kanisa la Nyamhela, baada ya kuitumikia misheni hii na chuo chake cha makatekista kwa miaka ishirini na sita na karibu miezi mitatu. Aliajiriwa tarehe 3 Aprili 1961. Amefanya kazi chini ya maparoko saba na wakuu wa chuo watano, na wote, isipokuwa wa sasa, wamekwisha kuondoka kabla yake.

Katika jalada lake la ofisini cheo chake kimeandikwa “Mtunza bustani na kazi nyingine.” Kamati ya jarida hili iliniomba nusu ukurasa, kwa kuwa ndiyo kawaida ya watunza bustani. Walimu hupewa kurasa mbili. Nilikataa nusu ukurasa, na kamati, ambayo inanifahamu, haikubishana sana. Bustani ya Mzee Bujiku kila mtu anaiona anapopita. Hizo “kazi nyingine” zilifanyika nyuma ya ukuta wa mbao ambako wengi wetu hatujawahi kuchungulia, na ndizo nitakazozieleza.

Mzee Bujiku alizaliwa mwaka 1932 katika ukoo wa Walongo, wahunzi wa upande wa Geita waliokuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe kabla ya majembe ya dukani. Baba yake alikuwa mhunzi. Yeye tangu utotoni aliwekwa kwenye mivukuto: mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, mmoja kwa mkono wa kulia na mwingine kwa wa kushoto, huu ukijaa ule unatoa, na upepo usikatike hata mara moja. Tanuri likipoa katikati ya kazi, chuma kinaharibika na siku nzima imepotea. Ili mikono isichanganyikiwe, mvukutaji huguna wimbo. Maneno yake ni machache au hayapo kabisa. Ni sauti inayotoka kifuani, inapanda na kushuka polepole, na mikono inaifuata. Baba yake alimwambia kwamba mvukutaji akinyamaza, mikono nayo inasahau.

Kinanda chetu kilifika mwaka 1960. Padre Otmar, paroko wa wakati huo, aliomba kinanda cha mabomba kutoka kwao Uswisi, kikaja kwa treni hadi Shinyanga ndani ya masanduku kumi na tisa, kisha kwa lori la pamba hadi hapa. Umeme haukuwapo. Nyuma ya kinanda kulijengwa chumba chembamba chenye mivukuto miwili mikubwa kama milango, kila mmoja na mpini wake wa mbao, na kazi ya kuivuta ikapewa vijana wenye misuli. Waliivuta kama wanatwanga. Kwa mwaka mzima kinanda cha Nyamhela kililia kama mbuzi anayevutwa kamba, na Padre Otmar alianza kusema kwamba hali ya hewa ya huku Usumbwa haifai kwa muziki.

Mzee Bujiku hakuja kuomba kazi hiyo. Aliitwa kutengeneza bawaba za lango la misheni. Siku ya tatu, akiwa na nyundo mkononi, alisikia mazoezi, akaingia kanisani, akazunguka nyuma, akasimama akiwatazama vijana wawili wanavyotoka jasho. Kisha akamwendea paroko.

“Mwangaluka, Padre. Hawa vijana wanapigana na kinanda.”

“Na wewe unaweza kukifanyaje?”

“Mimi nitakivukutia tu.”

Padre Otmar alikuwa na tabia ya kusimulia kilichofuata kila Krismasi, na kila mwaka simulizi ilirefuka. Kwa ufupi, Padre alikaa mbele ya vibao vya kinanda, Bujiku akivukuta nyuma, akabonyeza kimoja, akakishikilia huku akihesabu, akafika mia mbili na sauti haijatikisika. Akainuka na kwenda kuandika barua ya ajira. Bawaba za lango zilimaliziwa na mtu mwingine, na wanaopita hapo wanajua kwamba hadi leo lango halifungi vizuri.

Miaka iliyofuata ina visa vingi. Mwaka 1964 panya walitafuna ngozi ya mivukuto. Ngozi mpya iliagizwa Ulaya, jibu likaja kwamba tusubiri miezi minane. Mzee Bujiku alikwenda Katoro, akarudi na mbuzi wawili, akawachuna, akazilainisha ngozi kwa siagi na kuzipigilia mwenyewe. Nyama tuliila siku ya Pasaka. Ngozi ya Ulaya ilipofika haikuhitajika, na baada ya kukaa stoo miaka kadhaa iliishia kuwa viatu vya paroko.

Mwaka 1969, siku ya Kipaimara, bomba la besi, kubwa kuliko yote, liligoma. Nyigu walikuwa wamejenga ndani yake. Misa ikiendelea alilifungua, akawafukuza kwa moshi wa tumbaku, akarudi kwenye mipini yake jicho moja limefumba kabisa. Baadaye, wakati wa kusalimiana, mgeni wetu wa heshima, Baba Askofu, alimtazama usoni na kumwuliza kwa upole amegombana na nani. Akajibu, “Na besi, Baba.”

Mwaka 1972 ililetwa jenereta pamoja na feni ya umeme ya kusukuma upepo. Mvukutaji hakuhitajika tena. Ndipo ofisi ilipomhamishia kwenye maua na kumwandikia cheo nilichokitaja. Hakulalamika. Ila kila mwisho wa mwezi, bila kutumwa na mtu, aliingia katika chumba chake cha zamani na kuipaka ngozi mafuta. Alipoulizwa anapaka mafuta kitu kisichotumika kwa sababu gani, alisema ngozi haijui kwamba haitumiki.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nidai kurasa hizi.

Mwaka 1977 Mwalimu Cornel Ngassa, mzaliwa wa hapahapa, alirudi kutoka masomoni Ulaya alikosomea kinanda kwa miaka mitatu. Alirudi na muziki mpya aliokuwa akiutunga mwenyewe. Haukufanana na nyimbo za Misa. Sauti mbili zilizokaa jirani zilipigwa pamoja na kuachwa zikwaruzane. Mahali pengine alilaza mkono mzima juu ya vibao. Mahali pengine sauti moja ilishikiliwa muda mrefu hadi msikilizaji akaanza kusikia vitu vingine ndani yake. Mara ya kwanza alipoupiga baada ya Misa, mama mmoja wa Wanawake Wakatoliki alimfuata mlangoni kwa huruma ya kweli: “Mwalimu, pole. Kinanda kimeshikwa na homa?”

Huyo mama alikuwa mwungwana kuliko wasomi wetu. Walikuwapo waliosema huo si muziki wa Kiafrika, na walikuwapo waliosema Mwafrika hana la kuandika kwa kinanda cha mabomba. Makundi hayo mawili yalimshambulia Ngassa kutoka pande mbili, na yote mawili yalikuwa hayajasikiliza kipande chake kizima hata kimoja. Nilishindana nayo katika matoleo sita ya jarida hili. Sirudii. Ninataja tu kwamba wakati sisi tunaandikiana makala, mtunza bustani alikuwa akisimama nje ya dirisha la kanisa na kopo lake la maji, akisikiliza mazoezi mpaka mwisho.

Mwezi Agosti 1981 studio moja ya redio ya mjini ilikubali kurekodi kazi ya Ngassa iliyoitwa Vipande Vitatu vya Kiangazi, ya dakika kumi na saba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muziki mpya wa kinanda uliotungwa na mtu wa huku kuwekwa kwenye kanda, na Ngassa alikuwa ameungoja mwaliko huo kwa miaka minne. Fundi mitambo, Bwana Kamili, alikuja kwa treni hadi Shinyanga, akachukuliwa na Landrova yetu. Alikuwa na siku mbili tu, kwa sababu Landrova ilikuwa na mafuta ya kumrudisha na si zaidi.

Wasomaji wanaukumbuka mwaka ule. Sabuni, sukari na betri zilikuwa habari za kusimuliwa. Dizeli haikuwapo, hivyo feni ya umeme ilikuwa imelala, na hata kama ingekuwapo ngurumo ya jenereta ingeingia kwenye kanda. Mashine ya Bwana Kamili ilitumia betri, na alikuja na seti mbili. Tuliulizia madukani hadi Kahama, tukajibiwa kwa kicheko. Kwa hiyo Mzee Bujiku aliitwa kutoka bustanini, akanawa udongo mikononi, akaingia chumbani kwake. Ngozi iliitika palepale.

Ukimya uliandaliwa kwa bidii ya kijiji kizima. Mgambo alisimamishwa barabarani kuzuia baiskeli zenye kengele. Wafugaji waliombwa wapitishe ng'ombe upande wa mto, na waliokuwa hawana njia nyingine walijaza majani ndani ya kengele za ng'ombe wao, tukaona kundi zima likipita mbele ya kanisa kimyakimya kama linakwenda mazishini. Tulichagua saa nane mchana, wakati ndege wamechoka na watu wamejilaza.

Dakika ya nne ya jaribio la kwanza, Bwana Kamili aliinua mkono na kuvua visikilizio vyake.

“Kuna mtu anaguna.”

Tukatazamana. Hakuna aliyeguna.

“Jamani, kuna mtu anaguna. Ninamsikia kama yumo ndani ya kinanda.”

Alikuwamo ndani ya kinanda. Kwa miaka yote ile alikuwa akivukuta kwa wimbo wa wahunzi, na kwenye Misa, watu mia tatu wakiimba, hakuna sikio lililoweza kuusikia. Maikrofoni iliusikia. Watatu kati yetu tulikwenda nyuma ya ukuta kumwomba anyamaze. Mmoja wao nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyesema kwa niaba ya wengine. Alishangaa kwanza, maana hakujua kwamba anasikika. Kisha akasema, “Haya, mwalimu,” akavua kofia yake na kuiweka kati ya meno.

Majaribio matatu yaliyofuata yaliharibika. Mzee Bujiku aliing'ata kofia, mivukuto ikakosa mwongozo, na upepo ukaanza kwenda kwa mshtuko. Katika muziki wa kawaida pengine usingegundua. Katika muziki wa Ngassa, ambamo sauti moja inasimama peke yake kwa dakika nzima, kila mshtuko ulisikika kama mtu anayetikisa meza. Bwana Kamili alisema mzee amechoka, tutafute kijana. Kijana akaletwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye mabega mapana, na kwa dakika mbili tukarudi mwaka 1960. Seti ya kwanza ya betri ilikufa akiwa anavuta. Siku ya kwanza ikaisha hivyo.

Siku ya pili tulikuwa na betri za kurekodi mara moja, labda mara moja na nusu. Saa nane kasoro robo Ngassa aliondoka kwenye kiti chake na kwenda nyuma ya ukuta. Mlango ulikuwa wazi, na sisi tuliokuwa kwenye benchi la kwaya tulisikia kila neno.

“Mzee, leo vuta unavyovuta wewe.”

“Nikivuta hivyo nitaimba.”

“Imba.”

“Yule bwana wa mashine atakataa.”

“Muziki ni wangu, Mzee. Wewe imba.”

Bwana Kamili, ambaye alikuwa mtu mwema aliyeshikwa na haraka, alitikisa kichwa na kusema kwamba yeye atabonyeza kitufe lakini lawama asipewe. Akabonyeza. Dakika kumi na saba hakuna aliyekohoa. Upepo haukutikisika hata mara moja. Betri zilitosha, na sauti ya mwisho ilipokwisha tulisikia mgambo barabarani akimwomba mtu ashuke kwenye baiskeli. Asubuhi iliyofuata kanda ilikwenda Shinyanga ndani ya Landrova, imefungwa kwenye kanga ya mke wa Ngassa.

Jibu lilikuja Machi 1982. Kamati ya kuchagua kanda ilikuwa imesikiliza na kuandika mistari minne. Upigaji wa kinanda ulisifiwa. Kanda yenyewe ilikataliwa “kutokana na mguno wa mtu unaosikika tangu mwanzo hadi mwisho,” na ikawekwa kwenye rafu ya kanda zisizotumika. Barua hiyo ilisomwa kwa sauti katika kikao cha walimu. Mzee Bujiku alikuwa dirishani, akibadilisha kioo kilichovunjika. Hakuna aliyekumbuka kwamba yupo hadi tulipomwona akikiweka kioo chini polepole na kuondoka.

Ngassa alimfuata nyumbani jioni ileile. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia aimbe, kwamba upepo ule ulikuwa bora kuliko wowote aliowahi kuupata hata huko Ulaya, na kwamba wakosaji ni waliokataa. Mzee Bujiku alisikiliza, akamshukuru, akamkaribisha ugali. Lakini hakuamini. Kwa jinsi alivyoona yeye, mwalimu alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka minne, na mguno wake ukaifuta. Tangu siku hiyo hakuimba tena ndani ya chumba cha mivukuto. Misa ziliendelea, dizeli haikuwapo, alivukuta Jumapili baada ya Jumapili kofia mdomoni, kinanda kikawa kinatetemeka, na watu wakasema mzee amezeeka. Dizeli iliporudi mwaka 1984, feni ikawashwa, naye akarudi kwenye maua yake. Nilidhani ni nafuu kwake. Nilikosea, kama nilivyokosea siku ile niliyomwomba anyamaze.

Mwaka 1985 alichukua likizo ya mwezi mmoja na kwenda kumsaidia shemeji yake kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Geita. Hakwenda kuchimba. Mashimo yale yalikuwa na kina, hewa chini ilikuwa nzito, na wachimbaji walihitaji mtu wa kuwapelekea upepo kwa bomba la mpira. Alijishonea mivukuto ya ngozi, akakaa mdomoni mwa shimo akivukuta, nao wakampa jina la Kompresa. Siku ya kwanza alivukuta kimya. Chini wakapiga kelele.

“Kompresa! Upo?”

“Nipo.”

“Mbona hatukusikii? Imba basi, Mzee, tujue kwamba upo! Ukinyamaza sisi tunapanda.”

Akaimba. Aliimba mwezi mzima, na wachimbaji wale walikuwa na sheria moja: wimbo ukikatika, kila mtu aache sururu yake na kushika kamba. Habari hizi sikuzipata kwake. Nilizipata kwa shemeji yake tulipokutana Nyasubi sokoni, akiniuliza kwa nini tunamwacha mtu wa namna ile kwenye mchicha na mawaridi.

Nilirudi nyumbani na kuandika barua kwa studio ile. Nilikuwa nimekwisha kuwaandikia mara mbili huko nyuma kwa hasira, na hasira zangu zilijibiwa kwa muhuri wa “Imepokelewa.” Safari hii nilieleza tu. Nilieleza mhunzi ni nani, mivukuto hufanyaje kazi, kwa nini mtu huguna, na kwamba sauti waliyoiita kasoro ndiyo iliyoubeba upepo wa kila noti waliyoisifu. Nikaongeza kwamba anayetaka kuurekodi muziki huu bila mvukutaji anataka kurekodi mto bila maji. Barua ilikaa mwaka mzima na zaidi bila jibu. Nikaandika nyingine, na nyingine.

Mwezi wa pili mwaka huu lilikuja jibu kutoka kwa mtunza kanda mpya. Aliandika kwamba ameisikiliza kanda hiyo mara tatu kwa siku mbili, kwamba ameitoa kwenye rafu ya zisizotumika, na kwamba itarushwa hewani na kuhifadhiwa. Alikuwa na swali moja. Lebo ilimtaja mpiga kinanda peke yake. Mwimbaji ni nani, na jina lake linaandikwaje? Ngassa alijibu kwa telegramu kutoka Kahama siku iliyofuata. Nakala ya kaseti ilitufikia Mei, na juu yake kumepigwa chapa: “Kinanda: Cornel Ngassa. Mivukuto na sauti: Telesphori Bujiku.”

Tuliipeleka nyumbani kwake Jumapili alasiri, mimi na Ngassa, na redio kaseti ya chuo. Tulimkuta uani akimenya karanga na mkewe, Mama Serafina. Alipoambiwa ni kanda gani, aliinuka kutaka kwenda kutazama kuku. Mama Serafina alimshika shati.

“Kaa chini, Baba Serafina. Kuku wamekwenda wapi?”

Akakaa. Ngassa akabonyeza kitufe. Kinanda kikaanza, na chini yake, mbali kidogo, ile sauti ya kifuani ikaja ikipanda na kushuka. Mama Serafina alisikiliza kidogo, kisha akapiga makofi.

“Heee! Si huyu huyu mume wangu? Hata usingizini ananifanyia hivyohivyo! Kumbe nyie mmemrekodi, na mimi ninayelala naye miaka thelathini sijalipwa hata pole!”

Tulicheka sote isipokuwa Mzee Bujiku. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na redio. Sikuelewa kwa nini anasikiliza kwa namna ile mpaka kanda ilipokwisha na yeye kusema, “Kumbe ndivyo kinavyolia.” Mtu aliye kwenye chumba cha mivukuto husikia mbao, ngozi na pumzi zake, muziki unakwenda upande wa pili. Mazoezi alikuwa ameyasikia dirishani. Vipande hivyo vikipigwa kwa upepo wake mwenyewe alikuwa hajavisikia hata siku moja, na kwa miaka mitano alikuwa akijilaumu kwa kuharibu kitu asichokijua.

“Mwalimu,” akamwuliza Ngassa, “kwa hiyo mimi sikukuharibia?”

“Mzee, soma lebo.”

Akaisoma, kidole kikitembea juu ya kila herufi. Akamrudishia kaseti na kumwomba airudie tangu mwanzo. Katikati ya kipande cha pili, pale ambapo sauti moja inasimama peke yake kwa dakika nzima, tukasikia sauti mbili za kifuani, moja kutoka kwenye redio na nyingine kutoka kwenye kigoda cha Mzee.

Jumamosi tarehe 27 Juni, saa kumi alasiri, tutaisikiliza kanda hiyo kanisani, wote, kabla ya chakula. Mzee Bujiku atakaa benchi la mbele pamoja na Mama Serafina na wanawe. Ofisi imekubali, baada ya mazungumzo ambayo sitayasimulia, kwamba hati yake ya kustaafu isomeke “Mvukutaji wa kinanda na mtunza bustani.” Waliosema huu si muziki wa kwetu wanakaribishwa kwa namna ya pekee, nafasi zao zipo, na tunawaomba wasikilize hadi mwisho.

Mzee wetu, kwa niaba ya walimu, wanafunzi na watumishi wote wa Nyamhela, tunakushukuru kwa miaka ishirini na sita ya upepo usiokatika. Tunakuombea afya, mavuno mema, wajukuu wengi na amani nyumbani kwako. Wabeja sana. Pumzika sasa, ila usinyamaze.

Mwl. Jilala Mageni
Idara ya Kiswahili na Historia